Kumficha Mama Mkwe kwa Programu ya Bure

Nimeogopa vitu vingi maishani. Nimeogopa fisi, nimeogopa mtihani wa hesabu, nimemwogopa daktari wa meno mwenye mikono kama koleo. Vyote hivyo ukivitia kwenye gunia moja havifikii uzito wa hofu aliyonitia mwanamke mmoja aliyecheza ngoma nyuma ya mama yake mzazi, kwa kitambo kifupi tu, mbele ya kamera yangu.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipofunguliwa nchini, Dodoma ikawa inaamka kila asubuhi na kukuta duka jipya limeota usiku kama uyoga. Televisheni zilishaingia majumbani, na harusi isiyo na kanda ya video ilihesabika kama haijafungwa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikasoma na kozi ya kompyuta, nikapewa cheti chenye mhuri mkubwa kuliko jina langu. Nikajipatia kamera iliyotumika na kompyuta ya mtumba iliyonguruma kama mashine ya kukoboa, nikapanga chumba Majengo, ubavuni mwa kinyozi. Mpiga video mwanamke nilikuwa peke yangu kuanzia Kongwa hadi Manyoni. Kama alikuwepo mwingine, basi alijificha vizuri sana. Ndiyo maana shughuli za wanawake, zile za kufunga milango na kumfunda bibi harusi, zote zilikuja kwangu.

Harusi ninayoisimulia ilikuwa ya wauza nafaka wa hapo hapo Majengo, watu wenye asili ya Kondoa. Mama wa bibi harusi alikuwa mwanamke wa heshima zake. Akipita sokoni, wapagazi waliokuwa wanatukanana walianza kuulizana habari za watoto. Sijapata kuuona unywele wake barabarani. Na kwa mkwewe ndiyo usiseme: kijana akiingia sebuleni, mama anahamia ukumbini, wanasalimiana pazia likiwa katikati, kila mmoja akiongea na kitambaa.

Sasa mama huyo huyo, alasiri ya shughuli ya wanawake, milango imefungwa, aliifunga khanga kiunoni, akaachia nywele, akachukua mwiko, akacheza mpaka sakafu ikaomba radhi. Na akaimba. Wimbo wenyewe ulimhusu mkwe, na siwezi kuuandika hapa. Niseme tu kwamba ndani yake alikuwemo beberu, na hakuwa amefungwa kamba.

Hilo peke yake halikuwa na shida. Kanda zingekuwa mbili, ya wanawake peke yao na ya watu wote, na ngoma ile ingebaki kwa wanawake. Shida ilikuwa bibi. Bibi mzaa mama, mkongwe aliyekuwa ameketi kwenye kigoda, alichagua dakika ile ile kumwita mjukuu wake, akamwekea mkono kichwani, akamwombea dua. Harusi haijapoa vizuri, bibi akafariki. Picha nyingine inayotembea hakuwa nayo. Bwana harusi alimpenda sana, kwa kuwa wazee waliposita kumkubali, bibi ndiye aliyesema kijana apewe mke. Akatuma ujumbe kwa mkewe: kanda ya watu wote iwe na bibi. Na nyuma ya bibi, kila nilipotazama, alikuwepo mama mkwe na mwiko wake.

Mama alipojua hilo alikuja chumbani kwangu akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyefiwa mara ya pili.

"Mwanangu, yule kijana akiniona vile, mimi nitahama mji. Nitarudi Kondoa nikafie huko."

Hakuwa anatia chumvi kama ninavyotia mimi. 

Nilikuwa na programu ya kuhariri picha iliyokuja bure ndani ya kompyuta. Ilikata, iliunga, iliandika majina, na ilifanya picha ififie taratibu kama mtu anayesinzia. Kumficha mtu mmoja na kumwacha aliye mbele yake, hapana. Kwa hiyo nikaenda kwa mwenye duka la kompyuta mjini, bwana mmoja aliyeongea kama anayesoma taarifa ya habari. Alikuwa na programu ya kulipia ndani ya boksi zito kama tofali, pamoja na ufunguo wa plastiki wa kuchomeka nyuma ya kompyuta. Bila ufunguo, haifunguki. Akanionyesha picha ya mbuzi anayetembea barabarani. Akabonyeza mara kadhaa, ukungu ukamfunika mbuzi kichwa, na mbuzi akitembea ukungu unamfuata. Nilitamani nipige magoti. Nikauliza bei. Kwa bei ile ungenunua mbuzi mwenyewe, zizi lake, na mchungaji wa kukaa naye mpaka uzee.

Akaniazima diski ya majaribio. Nikakimbia nayo chumbani, nikamfunika mama ukungu vizuri kabisa, nikashusha pumzi. Ulipofika wakati wa kutoa picha, programu ikagonga katikati maandishi kwamba haijalipiwa, kama mhuri wa bwana afya kwenye paja la ng'ombe buchani. Na yalipoangukia ni kwenye paji la uso wa bibi. Marehemu, amemwekea mjukuu mkono kichwani, amegongwa mhuri. Nikaizima kompyuta haraka, kana kwamba bibi angeniuliza kitu.

Mama alikuwa anakuja kila siku. Nikamweleza kwamba ya kulipia siiwezi, nitatafuta njia kwa ile ya bure. Akaniuliza swali lililonikosesha usingizi.

"Hiyo ya bure, anayo nani mwingine?"

Nikasema, kila mwenye kompyuta kama yangu.

"Basi ukinifunika kwa hiyo, kila mwenye kompyuta kama yako anaweza kunifunua. Ile nyingine ina ufunguo, umesema mwenyewe."

Nilicheka ili nimtoe wasiwasi. Kicheko kikafika nusu kikakwama. Kozi niliyosoma ilikuwa ya kuandika barua na kupanga majedwali. Habari ya kufunika na kufunua watu haikufundishwa. Nilijua kanda ni kanda, ukisharekodi umerekodi. Lakini nilijua kwa kiasi gani? Usiku nilimwona bwana harusi ndotoni, ameketi mbele ya kompyuta, anakwangua picha kwa ukucha, na chini yake mama mkwe anatokeza kidogo kidogo, mwiko kwanza.

Kulikuwa na jambo jingine lililomtia mama hofu, nalo ni ukuta. Kati yangu na kinyozi kulikuwa na mbao nyembamba. Mtu akipiga chafya kule, mimi huku namwombea afya. Wanaume walikaa pale mchana kutwa wakingoja zamu, na nyimbo za ndani za wanawake hazikuwa za masikio yao. Siku ya kwanza kabisa mama alikuwa amezichomoa spika za kompyuta yangu, akazitia kwenye kikapu chini ya mchicha, akaondoka nazo kwake. Kwa hiyo kazi yote niliifanya kimya. Naona midomo inafunguka na kujifunga kama samaki, sisikii hata neno.

Nikabaki na programu ya bure na macho yangu. Nikaipitia ile dua kipande kwa kipande, picha moja baada ya nyingine, mpaka nikaanza kuona mwiko hata kwenye sahani ya wali. Mwishowe nikaipata. Kulikuwa na picha moja, moja tu, ambapo mama alikuwa ameinama na bega la bibi limemmeza mzima mzima. Mkono wa bibi uko kichwani kwa mjukuu, uso wa bibi umeangalia juu, nyuma yake ni ukuta mtupu. Nikaikamata picha hiyo, nikaifanya isimame palepale kwa muda wote wa dua, na chini yake nikaiacha sauti iendelee, ili bwana harusi amsikie bibi akiwaombea.

Mama alikuja kukagua. Aliinama karibu na kioo mpaka pumzi zake zikakitia ukungu.

"Sipo," akasema.

"Hupo, mama."

"Na akikwangua kama kwenye ile ndoto uliyonisimulia?"

"Hata akikwangua. Nyuma hakuna kitu."

Alinitazama machoni kwa muda mrefu, nami nikamtazama kwa ujasiri wa kuazima. Moyoni nilikuwa namwomba Mungu maneno yangu yawe ya kweli.

Kanda ilitazamwa Ijumaa, baada ya sala na chakula. Bwana harusi aliketi kwenye kochi pamoja na baba yake, wajomba wakajipanga kwenye viti, wanawake tukakaa mkekani karibu na mlango wa ndani. Mama alikuwa ukumbini nyuma ya pazia. Niliona vidole vya miguu yake chini ya pindo. Mimi ndiye niliyeisukuma kanda ndani ya deki, nikarudi mkekani kwa bibi harusi. Rimoti ilikuwa kwa mjomba mmoja, ameishika kama rungu la kikao.

Mambo yakaenda vizuri. Watu walijicheka walivyokula, wakamcheka shehe alivyopiga miayo. Kisha bibi akaja. Akasimama kimya kwenye kioo, mkono kichwani kwa mjukuu, na sauti yake ikaanza kutoka, ile sauti iliyochakaa, akimwombea binti kizazi na riziki na subira. Sebule ikatulia. Bwana harusi alifuta macho kwa kiganja. Nami nikajisifu, nikasema moyoni, mwanamke wa masomo ya jioni, umewashinda wenye funguo.

Hapo ndipo, nyuma ya sauti ya bibi, ikaanza kupanda sauti nyingine.

Kwanza niliisikia kama mtu anayepita nje. Kisha ikakaribia. Ilikuwa nene, yenye furaha, na kila mtu Majengo aliijua. Bibi alikuwa bado anaomba, na mama alikuwa ameshafika kwenye ubeti wa pili. Wiki nzima nilikuwa nimezifuta nywele na khanga na mwiko, na koo lake sikulikumbuka, kwa kuwa sikuwa nimelisikia.

Nilitaka kuikimbilia deki, lakini ningepita mbele ya wanaume wote. Nilimtazama mjomba mwenye rimoti. Alikuwa anaiangalia rimoti kama kitu alichookota. Bibi harusi alinishika paja akalifinya mpaka leo ninapaona. Chini ya pazia vile vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja. Na beberu, nilijua, yuko kwenye ubeti unaofuata.

Bwana harusi akasimama. Akamgeukia baba yake, akasema kwa utulivu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Mzee, naenda kutawadha."

Tulikuwa tumetoka kuswali muda si mrefu, na alasiri ilikuwa mbali kama Mwanza. Baba yake akamtazama, kisha naye akanyanyuka. "Twende wote," akasema. Wajomba wakafuata mmoja mmoja, kila mtu na udhu wake uliotenguka ghafla. Mwenye rimoti alitoka nayo mkononi. Beberu alipoingia, sebuleni hapakuwa na mwanamume hata wa dawa.

Wimbo uliendelea mpaka ukaisha, na sisi tumeinamisha vichwa kama tunaosubiri kuchapwa. Pazia likasogea. Mama akatoka. Nilijiandaa kwa lolote, hata kofi. Uso wake ulikuwa umeloa wote. Hakunitazama. Aliketi mkekani mbele kabisa, karibu na televisheni.

Kutoka uani tukamsikia mkwewe anaongea kwa sauti ya kumwambia kiziwi. Alikuwa anamweleza baba yake bei ya mahindi, gunia la Kibaigwa na gunia la Kondoa, na alipomaliza akayarudia yote upya kwa nguvu zaidi. Alikuwa anatujulisha sote, na hasa mmoja wetu, kwamba huko nje masikio yake yana kazi nyingine.

Mama akamsikiliza kidogo, akajifuta kwa ncha ya khanga.

"Rudisha nyuma," akaniambia. "Nimsikie mama yangu."

Nilitambaa mpaka kwenye deki. Nikarudisha. Bibi akasimama tena kimya, mkono wake palepale, akaanza kuomba. Mama akaweka kiganja kwenye kioo. Sauti yake mwenyewe ilipoanza kupanda nyuma ya dua, hakushtuka.

"Tena," akasema.

Nikarudisha tena, na tena. Nje, mkwewe alikuwa ameshamaliza mahindi na alizeti, sasa anaingia kwenye zabibu.