Siku Mama Alipokwenda Kumwosha Bi Kazija

Harufu ya kafuri ikinipitia puani, hata ikitoka kabatini mwa watu, hunirudisha Jadida, pale Wete, katika miaka ya mwanzo ya vyama vingi. Mliokuwa Pemba wakati ule mnajua. Kwa msiojua, niwaambie tu kwamba siasa iliingia mpaka jikoni. Mtu wa chama hiki hakununua chumvi kwa mtu wa chama kile, salamu zikakatika, na mwishowe watu wakawa hawazikani.

Mama yangu ndiye aliyekuwa akiwaosha maiti wa kike mtaani, kwa maji ya kafuri. Jirani yetu, Bi Kazija, alikuwa wa chama kingine, chenye watu wachache pale mtaani. Zamani yeye na mama walipelekeana futari. Baadaye Bi Kazija akatufungia kisima chake, tukawa tunateka maji mbali. Ndoo ile iliniumiza shingo, nami nikamchukia Bi Kazija kwa shingo yangu yote.

Asubuhi moja binti yake, Raya, alisimama mlangoni petu. Hakuingia.

"Bi Salma, mama katutoka alfajiri," alisema. "Hapana aliyekuja kumwosha."

Baba alisubiri Raya aondoke, kisha akasema polepole, "Ukenda huko, Salma, watu watatususa na sisi. Na huyo ndiye aliyekunyima maji."

"Kuninyima maji ilikuwa tabia yake," mama alijibu. "Mie yangu siiachi kwa sababu ya yake."

"Na hawa watoto?"

Mama alikuwa akitafuta kafuri kapuni. Alilipekua kapu mara mbili, na kafuri ilikuwa juu kabisa. Sijapata kumwona vile. Kisha akajitanda kanga, akatoka, na majirani wakamtazama kupitia madirisha.

Tulisuswa kweli. Dada yangu alipoolewa, pilau lilibaki masufuriani, na vigelegele tulipiga wenyewe mpaka tukaona haya kwa sauti zetu. Dada alilia, akasema mama alimpenda maiti wa watu kuliko mwanawe. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, asijitetee. Mimi nilingoja angalau kisima kifunguliwe. Hakikufunguliwa, wala Raya hakuleta hata salamu.

Mama alikuwa akisema tabia ni ngozi ya mwili. Utotoni nilidhani maana yake ni kwamba mtu huzaliwa nayo, basi. Ukubwani nikaanza kukumbuka mambo niliyoyaona bila kuyatia maanani: hakurudisha bakuli la jirani tupu, hata kama cha kutia ni limau tu, maiti wa fukara alimpaka marashi yale yale ya maiti wa tajiri, na akisengenywa mtu mbele yake, alitafuta kazi ya kufanya uani. Raya alipokuja mlangoni, woga ulimkuta mama kama ungemkuta yeyote. Lakini miguu yake ilikuwa imeshazoea njia.

Mama alipofariki, watu wengi walikuja, hata waliotususa. Wa nyumba ya Bi Kazija hakuja hata mmoja. Nilikaa ukumbini kati ya wanawake waliokuwa wakisoma Kurani, na kila kivuli kilipopita mlangoni nikainua macho, nikimtazamia Raya. Mama asingemtazamia. Nilijua hivyo, na bado macho yangu hayakutoka mlangoni.