Nilipokalia Mdomo wa Shimo

Asubuhi ile nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu, chini ya kilima, upande wetu wanawake. Kwenye mashimo hatukuruhusiwa kusogea. Wachimbaji wanaamini mwanamke akikaribia, madini yanakimbia. Mume wangu Ilunga alikuwa ameshuka na wenzake wanne. Nilimwahidi samaki wa kuchoma.

Siku hizo bei ya kobalti ilikuwa imepanda. Mnunuzi wetu pale Manika, mjini Kolwezi, alitueleza kwamba nchi kubwa zinapigana, na injini ya ndege ya vita bila kobalti haihimili moto wake yenyewe. Tulifurahi. Vita vya wengine vilitulisha. Hatukufikiri kwamba madini yakiadimika hivyo, wenye nguvu hawatatuachia kilima.

Walikuja na malori ya wanajeshi, buldoza nyuma. Wachimbaji wakarusha mawe. Wakajibiwa kwa risasi.

Watu walikimbia.

Mimi nilipanda.

Nilikaa kwenye mdomo wa shimo, miguu ikining'inia ndani. Ofisa akaniamuru niondoke.

"Mi nabakia hapa, tata. Bwana yangu iko mu shimo. Kama munaifunga, mufunge na mi."

Buldoza ikasimama. Nikaita majina, wakaanza kutoka, watatu kwa mfululizo. Ilunga akatoa kichwa, na jambo la kwanza, mtu yule, akanigombeza kwa kukalia shimo lake. Kisha akasema mwenzao Kazadi amevunjika mguu. Akarudi chini kumchukua.

Ofisa alichoka kungoja. Askari wawili wakanivuta kwa mikono.

Udongo ukasukumwa.

Wanaosema Kolwezi hatukuwa na vita, wasinisemee mimi. Wale watatu wako hai, wanalea watoto wao. Nawafurahia kwa moyo wote, na hasira yangu iko palepale.

Matanga yakiendelea, gari la kampuni iliyochukua kilima lilileta jeneza la kung'aa na magunia ya unga. Wakwe zangu walikuwa tayari kupokea. Nikasimama, nikamuuliza mkubwa wa msafara ataweka nini ndani. 

"Muchimbe kwanza," nikamwambia. "Mukimupata, njo mulete sanduku."

Wakalipakia tena, wakaondoka nalo.

Miaka imepita. Kilima kile wanakichimba usiku na mchana, malori yanatoka yamejaa. Ilunga hawajamleta.