Buti lililoteremka bila mimi

Sijawahi kumwambia mtu: mguu wangu wa kushoto ni namba arubaini, wa kulia thelathini na nane.

Leo tulikwenda na Bibi huko Bidiya, jangwani, kambi moja wanakokodisha mabuti na mbao za kutelezea kwenye theluji. Theluji hatuna, basi tunateleza kwenye vilima vya mchanga.

"Namba ngapi, dada?" mhudumu akauliza, mbele ya binamu zangu wote!

"Thelathini na tisa," nikanong'ona.

(Niligawa katikati. Msinicheke.)

La kushoto likanibana hadi machozi. La kulia lilipwaya. Nilipoanza kuteleza tu, mguu ukachomoka. Buti na ubao wake vikateremka vyenyewe mpaka kwenye mkeka wa Bibi, vikamwaga kahawa yake.

"Ebo! Mpeni jozi mbili mjukuu wangu!" Bibi akapaza sauti. "Miguu yake kama yangu, mmoja mkubwa, mmoja mdogo! Na pamba anayojazia kiatu chake cha sikukuu ya Idi anaichomoa kwenye mto wangu!"

Wallahi, nikafukia miguu mchangani.

Bibi akavua makubadhi, akaifukua miguu yangu, akaweka yake ubavuni. Kweli, sawasawa!

Nikapewa jozi mbili. Nikateleza hadi chini.

Nyie je, mmeshajipima?

Nasikia nyayo mlangoni, kubadhi moja linaburutwa. Leo siifichi simu ninayowaandikia.

Ngoja nimrudishie Bibi pamba yake.