Pengo la Mpiga Tarumbeta

Juzi nilikuwa kwa daktari wa meno hapa Mbeya. Kando yangu walikaa mzee mmoja wa Igowole na mkewe. Mzee hupiga tarumbeta kanisani, na alikuwa ameanguka na pikipiki akapoteza jino la mbele. Alizungumza ameziba mdomo kwa kiganja.

Daktari akaja kumweleza. "Baba, tutapandikiza skrubu ndogo ya madini ya titani ndani ya mfupa wa taya. Mfupa utaishika polepole, kwa miezi kadhaa. Ikishika kabisa, tunafunga jino juu yake."

"Si mfunge leo? Pasaka natakiwa kupuliza."

"Ukipuliza mapema italegea, baba."

Mzee akakubali. "Basi, Pasaka hii watapuliza wengine."

Mkewe akamshusha kile kiganja taratibu. "Na wewe utakaa na sisi kwenye kwaya. Tangu unioe sijawahi kukusikia ukiimba."

Mzee akacheka, pengo lote nje, akaingia ndani.

Mjini hapa kila jambo lina njia ya mkato. Mfupa tu ndio haujali wewe ni nani wala unamjua nani.