Dawa ya Josho Niliyomtia Tomi Masikioni

Nimekosa, ndugu wasomaji, na sitaki kuzunguka. Nilimfanya mbwa kiziwi kwa mkono wangu mwenyewe, halafu nikamwacha mke wangu abebe lawama. Nimechoka kukaa na jambo hili.

Mimi nilikuwa mtu wa josho. Huko Mpwapwa vijijini nimeogesha ng'ombe tangu ujana, na wafugaji walikuwa wakiniheshimu. Ilipokuja hii miaka ya ruksa, ya biashara huria, serikali ikajitoa, josho likakauka, tukaambiwa asanteni, rudini nyumbani. Nikahamia Area D, Dodoma mjini, na mke wangu, tumwite Mama Neema. Nilichotoka nacho kazini ni masalia ya dawa ya kupe kwenye chupa, na kiburi.

Tomi, mbwa wetu, alitoka Kibakwe. Mama mkwe wangu alimpa binti yake, na mwaka uleule yule bibi akafariki. Kwa hiyo kwa mke wangu Tomi hakuwa mbwa tu. Mama Neema alikuwa akikaa barazani akichambua mchicha na kumsimulia mambo kwa Kigogo, kama alivyozoea kuongea na mama yake. Nilikuwa namtania kwamba siku moja mbwa atamjibu, tena kwa lafudhi ya Kibakwe.

Sasa kila kiangazi, vumbi la Dodoma likishika kasi, Tomi alikuwa anajikuna mpaka manyoya yanamtoka tumboni na kwapani. Masikio yanavimba, yanatoa usaha, yananuka. Kwangu mimi mnyama akijikuna ana kupe, basi. Ndivyo tulivyofanya kazi joshoni: hatuulizi, tunatumbukiza. Sikumwona kupe hata mmoja, lakini nikachanganya dawa nikamwogesha. Mvua zikaja, akatulia, nikajisifu. Kiangazi kilichofuata, yale yale. Nikaongeza ukali wa dawa.

Mke wangu akaniomba tumpeleke kwa daktari wa mifugo, kijana mmoja aliyefungua duka lake la dawa upande wa Kizota. Nikakataa. Niseme kweli, nilikuwa na donge. Mimi nimerudishwa nyumbani, yeye anauza tulichokuwa tunakitoa bure! Nikamwambia mke wangu kwamba yule mtoto hajawahi hata kukanyagwa na ng'ombe.

Akampeleka mwenyewe. Akarudi na maelezo kwamba Tomi hana kupe, ana mzio. Ngozi yake inakataa kitu, huenda vumbi, huenda viroboto, huenda chakula, na masikio nayo ni ngozi hiyohiyo, ndiyo maana yanaugua tena na tena. Alipewa dawa ya matone, akaambiwa ayasafishe masikio taratibu, aache kwanza kumpa dagaa aone kama atapata nafuu, na asikatishe dawa hata usaha ukikauka. Na kitu kingine chochote kisiingie sikioni.

Akafuata yote. Tomi akaanza kuota manyoya. Badala ya kufurahi, nikanuna. Usaha ulipokauka nikamwambia aache hayo matone, mbwa kashapona. Akanisikiliza, maana kwa mambo ya mifugo alikuwa ananiamini mimi. Haukupita muda masikio yakarudi, mabaya kuliko mwanzo.

Jumapili moja akaenda kanisani. Nikaona huu ndio wakati wa kumaliza kazi, ajue nani mtaalamu humu ndani. Nikamshika Tomi, nikammiminia dawa ya josho masikio yote mawili. Sikupima. Hata maji niliyochanganyia yalikuwa ya kudanganyia tu. Jamani, mbwa yule alilia! Alizunguka uani kichwa kimeenda upande, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Wala hakuning'ata. Nikamsuuza, nikaficha chupa.

Mama Neema aliporudi nikamwambia nimemkuta hivyohivyo. Tukambeba mpaka kwa yule kijana. Akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, akamulika masikio. Akasema viwambo vya ndani vimeharibika, na huenda asisikie tena. Kisha akauliza:

"Kuna kitu kikali kimeingia humu. Mlimwekea nini?"

Nafasi ilikuwa yangu pale. Mke wangu akawahi kujibu.

"Ni mimi, daktari. Juzi nilimwogesha kwa sabuni ya kufulia. Nadhani ilimwingia."

Kweli alimwogesha, na aliamini ndiyo sababu. Yule kijana alinitazama mimi, siyo mke wangu. Nikaangalia chini.

Ngozi ya Tomi ilipona baadaye, kwa dawa za huyohuyo kijana na kwa kuachishwa dagaa. Kusikia hakukurudi. Siku hizi mke wangu akitaka kumwita anapiga mguu chini ili ageuke. Wageni wakishangaa, anawaeleza kwamba yeye ndiye aliyeharibu zawadi ya marehemu mama yake, na kwamba mume wake alihangaika sana kumtibu. Anasema hivyo nimekaa palepale na kikombe changu cha chai.

Wenzangu, dawa ya ng'ombe ni ya ng'ombe. Mbwa akijikuna kila msimu, masikio yakirudi kuoza kila yakipona, kuna kinachomkera, mpelekeni kwa mwenye kujua akitafute. Msimmwagie vitu sikioni kwa kubahatisha. Na ukishakosea, sema siku ileile, kwa sababu kesho yake utaona aibu zaidi, na keshokutwa utaanza kuzoea.

Mimi nimezoea muda mrefu mno. Gazeti hili ni mimi ninayelinunua mjini, na kwa kuwa macho yangu hayawezi tena maandishi madogo, Mama Neema hunisomea kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Wiki litakapotoka ungamo hili nitalinunua. Nitampa mkononi, nikae mbele yake, asome.