Diski Inayopiga Mluzi

Tangu pikipiki za mtumba zijae hapa Singida, kila kijana anataka diski yake ya breki itobolewe matundu, eti isipate moto kwenye mteremko wa Sekenke. Juzi nilikuwa kwa fundi nikisubiri baiskeli yangu, akaingia kijana aliyetobolewa diski yake majuzi.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Breki inashika vizuri sasa?”

“Kama zamani tu. Ila inapiga mluzi.”

“Ni hayo matundu. Nikufungie nyingine?”

Kijana alikunja kofia yake mikononi. “Mama amekataa. Marehemu kaka akirudisha ng’ombe alipiga mluzi hivyohivyo nje ya boma. Sasa nikishika breki pale, mama anapakua chakula cha watu wawili. Mimi nakula changu. Asubuhi tunakuta na kile kingine kimeliwa.”

Fundi hakucheka. Mimi nilijifanya nakagua mnyororo wa baiskeli.

Mnaoniuliza kama kutoboa diski kuna faida, kwa upande wa breki sijaiona. Mteja aliyefuata alipoweka diski yake mezani, fundi alichukua drili, akasita, akairudisha chini.

“Kabla sijatoboa,” alisema, “nyumbani kwenu kuna marehemu aliyekuwa anapiga mluzi?”