Tundu la Dirisha la Tatu

Hilda Pocock wa Hatfield alipigilia ribiti, vile vijimsumari vya kuunganishia mabati, kwenye kiwanda cha ndege miaka kumi na miwili, na hakuna aliyethubutu kumwambia kazi yake mbovu. Lakini tundu moja lilimkaa rohoni.

Ilikuwa ndege ya jeti, moja ya zile za mwanzo mwanzo. Bati lilifanya ufa mdogo kama ukucha wa mtoto kwenye pembe ya dirisha la tatu kushoto. Nyapara wao, Gathercole, akatazama, akasema kama ilivyokuwa desturi yao, "Toboa tundu mwishoni mwa ufa usiendelee. Paka rangi, twende." Hilda akashika keekee, akatoboa.

Bintiye Doreen akaja kupangiwa ndege ile ile, kuhudumia abiria. Hilda alishamsimulia habari za tundu lile, naye akaandika, "Mama, kila tukipaa naweka kiganja chini ya dirisha lako. Nakusalimia."

Januari mwaka hamsini na nne ndege ikakatika angani, ikaanguka baharini, na Doreen ndani.

Wataalamu walisema chuma kilichoka. Ndege hutanuka kwa hewa ikiwa juu, ikishuka hunywea, safari baada ya safari, mpaka bati likapasuka. Hilda alitaka kujua jambo moja tu: lilianza kupasuka kwenye tundu lake?

Oktoba akaenda kwenye banda walikopanga vipande vilivyoopolewa, vimeshikizwa kwenye kiunzi cha mbao chenye umbo la ndege. Gathercole alimsindikiza.

"Hilda, turudi tukanywe chai. Kichwa chako kigumu kuliko nyundo."

"Kanywe wewe. Sikuja kwa chai."

"Na ukikuta ni lako?"

"Nitajua la kumwambia mwanangu."

Akahesabu madirisha. Akakwangua rangi kwa ukucha. Ufa ulikuwa pale pale alipouacha, umekomea kwenye tundu lake. Mpasuko wenyewe ulianzia mbali, juu kwenye paa la ndege, kwenye tundu la ribiti ambalo hakuna aliyelitilia shaka.

"Si unaona? Lako limeshika! Pumua sasa, mwanamke wee."

Hilda hakupumua. Miezi tisa alikuwa na hatia ya kuzungumza nayo. Sasa hata hiyo hana, amebaki na Doreen tu, naye hayupo.

"Njia ya kuingia ndani iko wapi?"

"Ya nini tena? Umeshaona."

"Nimeona kwa nje. Yeye alikuwa ndani."

Akainama, akapita katikati ya mbao za kiunzi, akaweka kiganja chini ya dirisha la tatu. Bati lilikuwa baridi. Mlinzi akaja na funguo za kufunga banda, akakohoa mara mbili.

"Ngoja," Hilda akasema. "Bado sijamjibu salamu."